Kuta za Kilwa Kisiwani: bahari imepanda au ardhi imeshuka?

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, jengo la kwanza kukukabili ni Gereza. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 na kuihama mwaka 1512; sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni kazi ya baadaye, ya enzi za Waarabu wa Omani. Upande unaotazama maji umemeguka. Mawe ya matumbawe yamelala ufukweni, mengine bado yameshikana kwa chokaa yake ya zamani.

Magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Bahari kula ukingo ilikuwa miongoni mwa sababu za wasiwasi huo, na hadi leo kila mtu ana maelezo yake. Mgeni husema ni mabadiliko ya tabianchi, bahari inapanda. Yupo atakayekuambia kisiwa chenyewe kinazama. Mwingine atanyoosha kidole kaskazini, Songo Songo, kwenye visima vya gesi.

Maelezo yote hayo yanawezekana, na yote yanaacha dalili ileile: maji yanafika pale ambapo zamani hayakufika. Msimamo wangu nautanguliza. Ukuta uliobomoka ni shahidi mbaya wa usawa wa bahari, na hata rula nzuri ikifungwa gatini hutoa nusu tu ya ushahidi.

Rula inapima nini hasa

Kifaa cha kupimia maji ya bahari, kiwe ubao wenye namba uliopigiliwa kwenye nguzo ya gati au mtambo wa rada unaotuma taarifa kila dakika chache, hakijui bahari iko juu kiasi gani duniani. Kinajua umbali kati ya uso wa maji na mahali kilipofungwa, basi. Umbali huo ukipungua milimita 4 kwa mwaka, huenda bahari imepanda milimita 4. Huenda pia bahari imetulia na gati limetitia milimita 4. Au bahari imepanda 6 na mwamba umeinuka 2. Daftarini namba ni moja. Nahodha aliye kwenye mtumbwi unaovuja naye huona maji yakipanda ubavuni, na alichokiona ni kweli. Anakosea pale tu anapotangaza kwamba bahari imejaa.

Ukitaka kuona jambo hili likikuzwa, tazama Stockholm. Kumbukumbu za maji za huko zinaanzia mwaka 1774, na kwa karne ya 20 zinaonyesha bahari ikishuka kwa takriban milimita 4 kila mwaka. Bahari haikushuka. Nchi za Skandinavia zilibebeshwa barafu nene enzi za barafu, barafu ikayeyuka, na ardhi iliyokuwa imekandamizwa bado inainuka taratibu hadi leo. Jakarta ni kinyume chake: jiji limevuta maji ya visima kutoka kwenye udongo laini, na sehemu za kaskazini zimewahi kushuka kwa zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Japani, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko liliishusha rasi ya Oshika zaidi ya mita 1 kwa dakika chache. Rula iliyokuwa pale ingesema bahari imeruka mita nzima.

Kwa hiyo Kilwa tuna watuhumiwa wawili wa kuanzia, bahari na ardhi. Wa tatu atajitokeza mwenyewe.

Bahari

Kuhusu bahari tunajua mengi. Setilaiti ya TOPEX/Poseidon ilirushwa mwaka 1992, zikafuata Jason-1, Jason-2, Jason-3, na Novemba 2020 ikarushwa Sentinel-6 Michael Freilich. Zinaelea zaidi ya kilomita 1,300 juu, zinapiga mawimbi ya rada hadi kwenye maji na kupima yanavyorudi, na kipimo chao kinaanzia kitovu cha dunia. Gati likititia, haliwahusu. Kwa kipimo hicho wastani wa bahari za dunia umepanda kwa takriban sentimita 10 tangu 1993, na kasi inaongezeka. Ukirudi nyuma zaidi kwa kutumia vituo vya pwani vilivyorekebishwa, ripoti ya sita ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, inatoa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018.

Sasa ziweke sentimita 20 hizo mbele ya Gereza. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Kilwa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita na kidogo. Ukizilinganisha na hapo, sentimita 20 zinaonekana si kitu, na hilo si kweli. Kwenye ufukwe unaoteremka kwa mita 1 kila mita 50, sentimita 20 za kupanda ni mita 10 za maji kuingia bara. Bamvua kubwa ambalo babu alilishuhudia mara chache kwa mwaka, mjukuu atalizoea. Lakini kwa ukuta uliosimama wima, sentimita 20 hazitoshi kuangusha upande mzima wa jengo. Bahari ina sehemu yake katika kosa hili, ila kosa lote si lake.

Halafu kuna kelele, nayo ni nyingi. Kusi na kaskazi huyasukuma maji kila mmoja kwa namna yake. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 1, bahari huinuka karibu sentimita 1. Mwezi una mzunguko wa miaka 18.6 unaokuza na kupunguza mabamvua, kwa hiyo mtu anayekumbuka maji makubwa ya ujana wake huenda anakumbuka mwezi tu. Na mkondo wa Ikweta ya Kusini, unaokuja kutoka upande wa Madagaska, hugonga bara karibu na mpaka wa Mtwara na Msumbiji na kugawanyika, tawi moja likipanda kaskazini kupita Mikindani, Lindi na Kilwa. Mkondo huo ukibadilika nguvu, usawa wa maji pwani hubadilika bila tone jipya kuongezwa baharini.

Zanzibar inatufundisha jambo hapa. Kituo chake cha kupima maji kinafanya kazi tangu 1984, na ndicho chenye mfululizo mrefu kuliko vyote Tanzania. Miaka ya mwanzo kilionyesha maji yakishuka, wakati dunia nzima inazungumzia kupanda. Mtu mwenye haraka angesema Unguja inainuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba eneo kubwa la kusini mwa tropiki ya Bahari ya Hindi, Shelisheli na Zanzibar zikiwemo, lilikuwa na bahari inayoshuka kwa miongo kadhaa kwa sababu mfumo wa pepo ulikuwa umebadilika na kuyahamisha maji. Ardhi ilisingiziwa. Tangu hapo mwelekeo umegeuka na maji yanapanda huko pia. Anayetaka kuchukua namba za Zanzibar na kuzibandika Kilwa, takriban kilomita 300 kusini, ajiulize kwanza anachukua miaka ipi.

Ardhi

Hapa ndipo mabishano yanapokolea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na mwamba. Pwani yote ya kusini, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, imejaa matumbawe makavu yaliyo juu ya maji, yale yenye ncha zinazokata viatu. Mwamba ule ulikuwa hai chini ya bahari. Mtu akiuona juu ya ufukwe husema mara moja kwamba ardhi imepanda. Asiharakishe: miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9, bila ardhi kuhusika. Tuseme mwamba fulani umesimama mita 10 juu ya bahari ya leo na ni wa wakati huo. Toa mita 9, ibaki mita 1 ya kuinuka ndani ya miaka 125,000, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya milimita kwa mwaka. Kwa kipimo hicho ardhi imetulia tuli.

Matetemeko je? Kusini mwa Tanzania tumekaa kwenye bamba dogo, yaani kipande cha gamba la dunia, ambalo wanajiolojia wameliita Rovuma, kwa jina la mto wetu. Mwendo wake kwa sehemu kubwa ni wa kwenda pembeni, milimita chache kwa mwaka, na rula ya maji haihisi mwendo wa pembeni. Baharini kuna nyufa zilizo hai. Tetemeko la tarehe 12 Agosti 2020, la ukubwa wa karibu 6, lilitokea chini ya bahari na kutikisa Dar es Salaam. Pwani inaweza kupanda au kushuka kwa ghafla katika tukio kubwa, lakini tukio kama hilo huacha alama kila mahali kwa siku moja. Gereza limeliwa polepole.

Kisha gesi. Swali hili linastahili jibu, maana uchimbaji kweli hushusha ardhi. Groningen, Uholanzi, ardhi imeshuka kwa zaidi ya sentimita 30. Kwenye eneo la mafuta la Ekofisk, Bahari ya Kaskazini, sakafu ya bahari ilizama kiasi kwamba mwaka 1987 majukwaa ya chuma yalilazimika kuinuliwa mita 6. Ila bonde la namna hiyo hujitokeza juu ya hifadhi ya gesi yenyewe na kandokando yake. Songo Songo iko takriban kilomita 50 kutoka Kisiwani. Gesi yake iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kuzalisha umeme mwaka 2004, mwaka uleule UNESCO ilipotangaza magofu yako hatarini. Ukuta uliokuwa umekwisha kumeguka kabla bomba halijafunguliwa hauwezi kuidai gesi hiyo. Siku kituo cha kupima maji kitakapowekwa Songo Songo kwenyewe, au Ghuba ya Mnazi kule Mtwara ambako nako huchimbwa gesi, hoja ya gesi itakuwa na uzito wake na lazima ipimwe.

Visima vya maji ya kunywa? Kisiwa kile ni cha mawe ya matumbawe, wala si tope zito la delta kama lile la Jakarta au Bangkok. Hili nalipita.

Ushahidi ninaouamini zaidi uko majini. Kuzunguka Kilwa kuna njia za mawe ya matumbawe zilizojengwa juu ya mwamba unaofunikwa na kufunuliwa na maji, kazi ya watu wa enzi za fahari ya mji, ule mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331. Maji yakipwa bado zinaonekana. Kisiwa kingekuwa kimezama mita 2 tangu wakati huo, njia zile zingelala chini ya maji saa zote. Kingekuwa kimepanda mita 2, zingekuwa nchi kavu zenye majani. Zimebaki mlemle kati ya kupwa na kujaa. Hilo linambana anayesema kisiwa kinazama, japo halimalizi hesabu: hata kosa la mita 1 katika miaka 600 ni zaidi ya milimita 1.5 kwa mwaka, na sisi tunatafuta tofauti ndogo kuliko hiyo.

Imebaki kutitia kwa jengo lenyewe, na hili fundi analipima bila kompyuta. Mafundi wa zamani walipanga safu za mawe kwa usawa. Chukua mpira wa maji, ule wa plastiki wanaotumia kuhamisha levo kutoka pembe moja ya nyumba hadi nyingine, ufuate safu moja kutoka upande wa bara hadi upande wa bahari. Msingi ukiwa umetitia upande mmoja, safu itakuwa imeinama, timazi itaonyesha ukuta umelala, na ufa utakuwa mpana juu kuliko chini. Mawimbi yakiwa yamechimba chini, safu hubaki sawa hadi mwisho wake; jiwe la msingi linaning'inia hewani, kisha siku moja kipande kizima kinaanguka mbele. Ni magonjwa mawili tofauti, na tiba zake hazifanani.

Mzee mmoja wa Kisiwani aliwakuta vijana wakiuvuta mpira huo na kuwauliza wanafanya nini.

"Shikamoo babu. Tunaangalia kama chini kumeshuka."

"Marahaba, wanangu. Basi angalieni na mchanga. Hapa mbele tulikuwa tunapandisha ngalawa. Mchanga ndio ulioondoka, chini kuko palepale."

Mtuhumiwa wa tatu ni huyo. Mchanga husafiri. Mikoko ikikatwa kwa boriti na kuni, mkondo ukihama, ukuta mmoja ukijengwa bila kumfikiria jirani, ufuo unahama mita kadhaa bila bahari kupanda wala ardhi kushuka hata milimita. Macho hayawezi kutofautisha, kwa kuwa yote matatu humalizikia kwa maji mlangoni. Mimi nauweka mchanga mbele kwa Gereza, bahari nyuma yake ikiusaidia mwaka hadi mwaka, na ardhi mwisho kabisa. Si bure kwamba miongoni mwa hatua zilizochukuliwa Kilwa ni kupanda mikoko na kujenga kuta za kukinga mawimbi.

Kama tungepima sawasawa

Mpangilio huo wangu unatokana na dalili. Ili uwe kipimo, vinahitajika vitu vitatu vilivyofungamana. Cha kwanza ni kipimo cha maji, cha kudumu, gatini. Cha pili ni bikoni kadhaa, yaani alama za kudumu za kupimia, zilizochimbiwa kwenye mwamba wa matumbawe, mbali na gati, zikiunganishwa na kipimo hicho kwa kupima levo kila mwaka. Bikoni moja haitoshi: ikigongwa na lori hutajua. Cha tatu ni mtambo wa GPS wa kudumu juu ya mwamba huohuo, unaotazama setilaiti usiku na mchana na kusema mwamba unapanda au unashuka kulingana na kitovu cha dunia.

Wengi huridhika na cha kwanza. Matokeo yake ni kwamba nguzo ikigongwa na meli, ubao ukipigiliwa upya, namba zinaruka na hakuna wa kuziunganisha na za zamani. Hazina ya kimataifa ya takwimu za vituo vya pwani, iliyoanzishwa mwaka 1933 na kutunzwa Liverpool, huvitenga vituo ambavyo historia ya bikoni zao haijulikani, na hushauri visitumiwe kukokotoa mwelekeo wa miaka mingi. Maji yalipimwa, lakini hakuna ajuaye yalipimwa kutokea wapi.

GPS nayo inataka subira. Setilaiti zake zote ziko juu yetu na hakuna hata moja chini ya miguu, kwa hiyo kipimo cha wima ni dhaifu mara mbili au tatu kuliko cha pembeni. Kupata mwendo wa wima kwa usahihi wa sehemu chache za kumi za milimita kwa mwaka huchukua karibu mwongo mzima wa kurekodi bila kukatika, na umeme wa kukatika tunaujua.

Usidhani setilaiti za bahari zinatuokoa na kazi hiyo. Karibu na nchi kavu mwangwi wa rada huchafuliwa, na Kisiwani kiko ndani ya ghuba yenye visiwa pande zote. Isitoshe, setilaiti zenyewe hukaguliwa kwa vituo vya pwani: ni vituo hivyo vilivyogundua kwamba TOPEX katika miaka yake 6 ya mwanzo ilikuwa ikipotosha kidogo kasi ya kupanda. Na kituo hakiwezi kuikagua setilaiti kama hakijui ardhi yake inakwenda wapi. Kuna hata marekebisho ya milimita 0.3 kwa mwaka yanayoongezwa kwenye wastani wa dunia kwa sababu sakafu ya bahari bado inatanuka na kushuka tangu barafu iyeyuke. Ardhi imo kila mahali kwenye hesabu hii.

Namba zikishapatikana, tatizo linalofuata ni la matumizi. Mwanasayansi anayeuliza bahari ya dunia imepokea maji kiasi gani anataka mwendo wa ardhi uondolewe. Fundi anayejenga ukuta wa kukinga Gereza anataka mwendo huo ubaki ndani, maana ukuta wake utapanda na kushuka pamoja na ardhi. Kinachomhusu ni maji kulinganisha na mguu wa ukuta. Akichukua wastani wa setilaiti peke yake, amesahau ardhi. Akichukua namba ya rula iliyoko gatini kisha akaongeza tena kushuka kwa ardhi, ameihesabu mara mbili, na kosa hili ni rahisi kulifanya kwa sababu linafanana na tahadhari. Na gati likititia lenyewe, peke yake, namba ya rula haimfai yeyote kati yao hadi ipitishwe kwenye bikoni ya mwamba.

Mchanga hausubiri mwongo wa GPS. Umbali kutoka bikoni ya mwamba hadi ukingo wa maji, mbele ya Gereza na mbele ya Msikiti wa Malindi, unapimika kwa futi kamba kila bamvua, kusi na kaskazi, saa ileile ya maji. Baada ya misimu michache itajulikana ufuo unarudi nyuma kwa mita ngapi, na kama unarudi msimu mmoja na kujijaza mwingine. Hilo ndilo la kupima kwanza Kisiwani.